Ngano, Deni na Vumbi



Jioni hii nawaomba hisani ya masikio yenu kwa muda mchache, tuzungumze juu ya ukame na mmomonyoko wa udongo, na juu ya mambo yaliyowafika wakulima ambao misiba hiyo miwili iliwakuta pamoja na msiba wa tatu, nao ni ukosefu wa fedha. Najua kwamba wengi wenu mngeweza kukaa hapa mbele ya kipaza sauti mkasimulia habari za ukame kuliko niwezavyo mimi. Lakini kisa nitakachokitoa leo ni cha mbali, cha nchi ya Marekani katika miaka ya 1930, nami nimekichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kisa hiki aghalabu husimuliwa kana kwamba mvua ndiyo iliyokosa, ilhali mwenye kukitazama vizuri ataona kwamba kabla mvua haijakosa, soko lilikuwa limekwisha kukosa. Ya pili ni kwamba habari zake zilivuka bahari zikafika hapa kwetu Afrika Mashariki, zikawa sababu mojawapo ya kuchukuliwa ng'ombe wa watu ambao hawakuwahi kulisikia hata jina la Oklahoma. Hiyo ya pili tutaifikia baadaye. Kwanza twende Marekani.

Nchi yenyewe iko wapi? Chukueni ramani, mtazame mahali yanapokaribiana majimbo matano: Kansas, Colorado, New Mexico, Texas na Oklahoma. Hapo ni tambarare tupu, hapana mlima wala mwitu, upepo ukivuma kutoka kaskazini hauna cha kuuzuia, na mvua yake ni haba hata katika miaka ya heri. Tangu kale miaka ya kiangazi kirefu ilikuja ikapita, na nchi ikabaki nchi. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa imevikwa nyasi, nyasi fupi zenye mizizi iliyosukana chini kwa chini, ambazo kwa udongo ule zilikuwa kama makuti kwa nyumba. Zikikauka juu, mizizi huendelea kuushika udongo, na mvua irudipo huchipua tena. Nyati wa Kimarekani walilisha humo kwa mamilioni, na watu wa kabila la Comanche wakiwawinda, hata katika karne ya 19 nyati wakamalizwa kwa bunduki na wenyewe Comanche wakaondoshwa. Wakaja wenye ng'ombe, na baada ya wenye ng'ombe wakaja wenye plau. Serikali iligawa ardhi bure kwa yeyote aliye tayari kuikalia na kuilima: sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160, na ile ya mwaka 1909 ikampa 320 katika sehemu zilizo kavu. Na palikuwa na watu wenye elimu zao, si majuha, waliowaaminisha wageni hao kwamba ardhi ikilimwa mvua huifuata plau. Sijui ni nani katika sisi ambaye hangependa kuamini neno kama hilo.

Kisha ikaja vita ya mwaka 1914. Ngano ya Urusi ikazibiwa njia ya bahari, Ulaya ikawa na njaa, na bei ya ngano ya Marekani ikapanda hata ikapita dola 2 kwa busheli moja, yaani kwa kiasi cha kilo 27, na Serikali ikaahidi kuitegemeza. Mkulima aliyezoea kuishi katika nyumba nusu yake imechimbwa chini ya ardhi akajenga nyumba ya mbao, akanunua gari, akanunua trekta, na kwa kuwa hakuwa na fedha za kutosha kwa vyote hivyo, akakopa benki, na shamba akaliweka rehani. Hakuwa mpumbavu. Benki yenyewe ilimfuata kumbembeleza akope.

Sasa, wasikilizaji wangu, hapa ndipo ninapotaka mnitegee sikio barabara, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Vita ilipokwisha bei ilianza kushuka, na baada ya anguko la soko la hisa la New York mwezi wa Oktoba 1929 ilishuka hata mwaka 1932 busheli ile ile iliyouzwa zaidi ya dola 2 ikawa haifikii senti 40. Lakini deni je? Deni halikushuka. Deni limeandikwa kwa dola, na riba yake kwa dola, nalo halina habari na bei ya ngano. Basi mkulima huyu, ambaye jana alihitaji busheli mia moja ili alipe, leo anahitaji mia tano. Mnadhani atafanya nini? Atalima zaidi. Atalima mpaka wa shamba, atalima lile eneo alilowaachia ng'ombe, atalima hata kile kipande cha mchanga ambacho babake alikuwa amekiepuka. Na jirani yake kadhalika, na jirani wa jirani yake. Na kwa kuwa wote wamelima zaidi, ngano inazidi kuwa nyingi, na bei inazidi kushuka, na deni liko pale pale. Mwaka 1931 mavuno yalikuwa makubwa ajabu. Maghala yalijaa, ngano ikarundikwa chini kando ya reli, na mwenyewe hana uwezo wa kumnunulia mtoto viatu.

Fauka ya hayo, chombo walichokitumia kilikuwa kinachangia shari. Walikuwa na plau ya visahani iliyokokotwa na trekta, nyepesi, yenye kwenda mbio, yenye kulima eneo kubwa kwa siku moja. Lakini visahani vile viliusaga udongo ukawa unga. Na walikuwako wengine ambao wenyeji waliwaita wakulima wa sanduku, watu wa mjini waliokuja na sanduku la nguo, wakalima, wakapanda, wakarudi kwao mpaka wakati wa kuvuna. Bei ilipoanguka hawakurudi tena, wakayaacha mashamba wazi, hayana mmea wala nyasi.

Hapo ndipo mvua ilipokatika. Narudia kusema, kwa kuwa ndilo neno ambalo ningependa mlichukue: mvua ilikatika baada ya nyasi kuondoka, na nyasi ziliondoka kwa ajili ya deni. Ukame uliingia katika nyumba iliyokwisha ezuliwa.

Yaliyofuata yamesimuliwa sana, nami nitayataja machache tu, yale ya nyumbani, kwa kuwa ya nyumbani ndiyo yaelewekayo. Mama wa nyumba alilowesha shuka kila jioni akazitundika madirishani, na asubuhi akazikuta nzito kwa tope. Sahani ziliwekwa mezani kifudifudi, hazifunuliwi ila chakula kiko tayari kupakuliwa, na hata hivyo mtu alitafuna mchanga. Hewa kavu yenye vumbi ilijaa umeme, hata watu wakaogopa kupeana mikono, na magari yalizimika njiani, kwa hiyo wenye magari wakafunga minyororo nyuma ikaburuta chini ili umeme ule ushuke ardhini. Watoto na wazee walipatwa na kichomi cha vumbi, na Shirika la Msalaba Mwekundu likagawa vitambaa vya kuziba pua na mdomo. Ng'ombe walikufa, na walipopasuliwa matumbo yao yalikutwa yamejaa udongo. Mwenye kutaka kumlisha aliyebaki alikata miiba ikuayo jangwani, akaitia chumvi, akampa. Na palikuwa na wilaya huko Oklahoma ambako watu nao walijifunza kuihifadhi miiba ile ingali michanga, wakaila wenyewe.

Mwezi wa Mei 1934 upepo ulilichukua vumbi hilo ukalifikisha New York na Washington, na mabaharia wakalipangusa juu ya sitaha za meli katika bahari ya Atlantiki. Lakini siku inayotajwa zaidi ni Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935. Asubuhi ile kulipambazuka kweupe, upepo umetulia, baada ya majuma mengi ya vumbi. Watu wakafungua madirisha, wakaanika nguo, wakaenda kanisani, wengine wakatoka kutembea. Alasiri ndege walionekana wakiruka kwa makundi kuelekea kusini, wakipiga kelele, na baridi ikashuka ghafula. Na nyuma ya ndege likaja wingu jeusi lililogusa ardhi kwa chini na mbingu kwa juu, likawafunika, na mtu akawa hauoni mkono wake mwenyewe mbele ya uso. Wengi walidhani Kiyama kimefika.

Lakini mimi, wasikilizaji, katika habari zote za miaka ile, inayonishughulisha zaidi si ya wingu lile. Ni ya mnada.

Mkulima aliposhindwa kulipa, benki ilileta dalali, na vitu vikauzwa mbele ya uso wa mwenyewe: farasi, plau, mtungi wa maziwa. Benki zenyewe nazo zilikuwa zinafilisika kwa maelfu, na zilizobaki zilidai kwa ukali. Basi katika majimbo ya kaskazini kidogo, kama Iowa na Nebraska, majirani wakazua hila. Siku ya mnada huja wote, wamejaa uani, wamesimama kimya. Dalali akinadi farasi, mmoja hutaja senti tano. Dalali hungoja, hakuna anayeongeza. Na ikiwa pana mgeni anayefungua mdomo ili apandishe bei, hujikuta amezungukwa na wanaume wenye mabega mapana wakimwuliza kwa upole kama kweli anamhitaji farasi yule. Pengine kamba huning'inizwa ghalani, mahali pa kuonekana. Shamba zima huuzwa kwa dola chache, na jioni majirani humrudishia mwenyewe kila kitu. Kwa nje sheria haikuvunjwa: mnada ulifanyika na fedha zililipwa. Watu hao walikuwa wamchao Mungu na wenye kuheshimu mali ya mtu. Lakini walikuwa wameona kwamba bei iliyowaangusha haikuwekwa na wao, nao kwa siku moja, katika uwanja mmoja, wakaamua kuiweka bei wenyewe.

Niseme pia neno juu ya wahamaji, kwa sababu hapa pana kosa linalorudiwa mara kwa mara. Mmeona labda ile picha ya mwaka 1936 ya mama mmoja na watoto wake katika kambi ya wachuma njegere huko California, iliyopigwa na Dorothea Lange. Na waliosoma riwaya watakuwa wanakijua kitabu cha John Steinbeck cha mwaka 1939 juu ya familia iliyotoka Oklahoma. Watu hudhani kwamba wote waliokwenda California walikimbia vumbi. Sivyo. Wengi wao walitoka sehemu za mashariki ya Oklahoma, na Arkansas, na penginepo, ambako vumbi halikuwafukuza; walikuwa wapangaji waliolima pamba kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi. Bei ya pamba ilipoanguka, Serikali iliwalipa wenye ardhi ili wapunguze eneo la pamba, kwa nia njema ya kuinua bei. Na mwenye ardhi, akiisha kuzipokea fedha hizo, mara nyingi alinunua trekta, na mpangaji akaambiwa afungashe. Trekta iliwahamisha watu wengi kuliko upepo. Na huko California walikokwenda hawakupokewa kwa ngoma: mwaka 1936 mkuu wa polisi wa Los Angeles alituma askari mpaka kwenye mipaka ya jimbo kuwarudisha wasio na fedha, ingawa walikuwa raia wa nchi ile ile. Lakini katika nchi ya vumbi yenyewe, walio wengi hawakuondoka. Walikaa, wakipangusa.

Je, Serikali ilifanya nini? Alikuwako bingwa wa udongo, Hugh Hammond Bennett, mwana wa mkulima wa North Carolina, aliyekuwa akipiga kelele tangu miaka ya 1920 kwamba udongo unapotea na hakuna anayejali. Husimuliwa kwamba mwaka 1935, alipoitwa mbele ya kamati ya Baraza la Seneti huko Washington, alikuwa amepata habari kwamba tufani ya vumbi iko njiani kutoka magharibi, basi akayarefusha maneno yake kwa makusudi, hata anga ikafifia madirishani, na masenata wakasimama kutazama. Tarehe 27 Aprili mwaka huo sheria ya kuhifadhi udongo ilitiwa sahihi, na Idara ya Hifadhi ya Udongo ikaanzishwa chini yake. Wakulima walifundishwa kulima kwa kukingama na mteremko ili mifereji izuie maji na upepo; nyasi zilipandwa upya; na katika mikanda ya miti iliyopandwa kutoka mpaka wa Kanada hadi Texas, miche zaidi ya milioni 200 iliwekwa ardhini hadi mwaka 1942.

Lakini angalieni sana jambo hili. Mkulima alilipwa. Alilipwa kwa kila ekari aliyoilima kwa namna hiyo mpya. Mwaka 1934, Serikali iliponunua ng'ombe waliodhoofika, ambao baadhi yao walipigwa risasi na kuzikwa mashimoni, ilitoa si zaidi ya dola 20 kwa kichwa, fedha kidogo, naam, na machozi yalimwagika. Ila sehemu ya malipo hayo iliwekwa kuwa ya mwenye ng'ombe mwenyewe, hata mdai wake asiweze kuigusa. Aliyeipitisha sheria ile sijui kama alikuwa amelala njaa, lakini alielewa kwamba mtu anayedaiwa hawezi kuuhurumia udongo.

Haya, sasa tuvuke bahari kama nilivyoahidi.

Miaka ile ile ya 1930 Wakamba wa Machakos, nchini Kenya, walikuwa katika dhiki yao. Nzige walikuwa wamepita, mvua zilikosa, bei ya mahindi ilikuwa imeanguka kwa mdororo ule ule wa uchumi uliomwangusha mtu wa Kansas, na kodi ilidaiwa kwa shilingi taslimu. Mifugo ilikuwa imebanwa katika eneo la akiba walilotengewa, kwa kuwa malisho ya zamani ya Yatta na kwingineko yaliwekwa mikononi mwa Serikali, na sehemu nyingine zikawa mashamba ya walowezi. Vilima viliisha nyasi, makorongo yakachimbika. Maofisa wa Kiingereza walikuwa wakisoma habari za Marekani kwa hofu, na mwaka 1937 Colin Maher, aliyeshughulikia hifadhi ya udongo katika idara ya kilimo ya Kenya, aliandika taarifa kali juu ya hali ya Machakos. Baadaye alikwenda mwenyewe Marekani kujifunza.

Basi elimu ilifika. Matuta yalifika, mistari ya kukingama ilifika. Kitu kimoja hakikupakiwa melini, nacho ni malipo. Walowezi walikuwa wamefunguliwa benki ya ardhi mwaka 1931 ili wakopeshwe na kuokolewa. Mkamba aliamriwa achimbe, na mwaka 1938 ng'ombe waliohesabiwa kuwa wamezidi walichukuliwa kwa nguvu na kunadiwa kwa bei duni, na kiwanda kipya cha nyama cha Athi River kilikuwa kikiwangojea. Ng'ombe ambao kwa mwenyewe ni akiba, ni mahari, ni kinga ya njaa ya mwaka ujao! Nawauliza, yule jirani wa Iowa aliyesimama uani kimya na senti tano yake, asingeielewa hasira ya mnada huo?

Wakamba nao walisimama. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, umati wao, wanaume kwa wanawake na watoto, ulikwenda Nairobi kumtaka Gavana, ukapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu. Wasikilizaji wangu wa Lamu, wazee wenu huenda walimwona akipita ufukoni. Lakini kabla mwaka haujaisha, Serikali iliacha kuchukua ng'ombe kwa nguvu.

Na matuta je? Hapa ndipo mambo yanapogeuka. Ukienda Machakos leo utaona vilima vimechongwa ngazi kwa ngazi, na matuta mengi yalichimbwa na wenyewe, kwa vikundi vyao vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, katika miaka ya 1950 na hasa baada ya uhuru. Watu wale wale waliochukia kuchimba kwa amri walichimba kwa hiari. Wako waliosema kwamba hatimaye walielimika. Mimi naona walikuwa na elimu tangu mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba waliruhusiwa kulima kahawa, barabara ya Nairobi ikapitika, mboga na matunda yakapata mnunuzi, na mteremko ukawa na thamani ya kuutokea jasho. Wataalamu watatu, Tiffen, Mortimore na Gichuki, waliichunguza habari hiyo kwa urefu katika kitabu chao cha mwaka 1994, wakaona kwamba watu waliongezeka na mmomonyoko ukapungua, jambo ambalo mabwana wa mwaka 1937 wangelicheka. Tuta linalopendwa zaidi huko ni fanya juu: unachimba mtaro kwa kukingama na mteremko, na udongo unautupa upande wa juu badala ya kuuacha uteremke, unapanda nyasi juu ya ukingo, ng'ombe wapate chakula, na kwa mvua za miaka michache shamba linajisawazisha lenyewe.

Dakika zangu zimekwisha, na mtangazaji ananitazama. Mwenye shamba la mteremko ambaye angependa kujua vipimo vya mtaro huo, amwulize bwana shamba wa wilaya yake, wala asichimbe kwa kukisia, maana udongo wa mchanga na wa mfinyanzi hauchimbwi sawa. Juma lijalo, inshaallah, tutakwenda Kongwa, ambako mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta ili walime karanga katika nchi kavu, na tutaona walichokikuta.